Je, ni lini Serikali...: niliyojifunza nikiandika majibu ya mawaziri Dodoma

Kama umewahi kuangalia Bunge asubuhi kwenye tivii basi sentensi hii iko kichwani mwako hata ulale usingizi, "Je, ni lini Serikali itapeleka..." halafu jaza mwenyewe, maji, umeme, lami, gari la wagonjwa, mnara wa simu. Anasimama Naibu Waziri, anafungua karatasi, "Mheshimiwa Spika, kwa niaba ya Waziri, naomba kujibu swali la Mheshimiwa Mbunge lenye sehemu (a) na (b) kama ifuatavyo." Mtaani watu wanaona ni maigizo tu, kila mtu ana sehemu yake na mwisho wake unajulikana. Sasa ile karatasi ndo ilikuwa kazi yangu. Nilikuwa afisa mipango kwenye wizara moja, siitaji, ila ni katika zile zinazoulizwa kila wiki, na kila mkutano wa Bunge ukiitishwa tulikuwa tunahamia Dodoma na mafaili na printa, kikao kinaanza saa tatu asubuhi na sisi tushakaa kwenye viti vya wataalamu tunasikiliza roho mkononi.

Kwenye mifano nitatumia kisima. Msianze kupiga hesabu ni wizara gani, kisima ni rahisi kueleza basi.

Swali la msingi mbunge analiandika na kulipeleka kwa Katibu wa Bunge mapema, likikidhi kanuni linaletwa wizarani. Linapokelewa na dawati la Bunge, linaenda kwa Katibu Mkuu, Katibu Mkuu analitupa kwa mkurugenzi, mkurugenzi anakuja kusimama mlangoni kwako saa kumi na nusu jioni wakati ushachukua begi. Wewe unapiga simu mkoani, mkoa unapiga wilayani, wilaya inatafuta mtu aliyewahi kufika hicho kijiji. Taarifa inarudi kwa njia ile ile na kila anayeishika anaipunguza makali kidogo, kwahiyo kule chini mtu amesema "kisima kimekufa", ikifika wilayani ni "kisima kina changamoto", mkoani "kisima kinahitaji matengenezo madogo", na ukizubaa kwa Mheshimiwa itafika "Serikali inaendelea kuboresha huduma katika kijiji hicho". Hakuna aliyedanganya hapo ukimuuliza mmoja mmoja. Ndo maana waziri mmoja niliyefanya naye kazi, mama mmoja mkali kweli kweli, alikuwa hasaini jibu mpaka umwambie jina la kijiji na umeongea na nani aliyeko pale pale kijijini, si wilayani. Tulikuwa tunamlaumu kwamba anatuchosha.

Kuna asubuhi moja Naibu alikuwa ajibu kuhusu kisima ambacho taarifa yote kuanzia mkoani ilisema kinafanya kazi na kinahudumia vijiji viwili. Karatasi imeshachapwa, nakala zimeshapelekwa. Mama akaniita akiwa bado anakunywa chai, "Umeongea na nani pale?" Nikamwambia na ofisi ya mkoa, Mheshimiwa. "Mtafute mtendaji wa kijiji." Saa moja na nusu asubuhi mimi niko nje kwenye upepo wa Dodoma nimeziba sikio moja, yule mtendaji akapokea, nikamuuliza kisima kinatoa maji? Akacheka. Akasema, "Kaka, pampu iliungua tangu mvua za masika za mwaka jana, sasa hivi pale wanakaa mbuzi kivulini." Nikarudi ndani nikamwambia Mama kama nilivyoambiwa, na mbuzi wake. Hakupiga kelele, akamwambia Naibu usiseme kinafanya kazi, sema kilijengwa, kilihudumia vijiji viwili, pampu imeungua, na fundi anaenda. Halafu akanigeukia mimi, "Fundi anaenda lini?" Ikabidi nipige simu tena mpaka nipate jina la fundi na gari atakalopanda.

Saa tatu na ushee yule mbunge akasimama na swali la nyongeza, na uso wake ulionyesha kabisa alikuwa amejiandaa kumlipua Naibu, nadhani hata picha za pampu alikuwa nazo kwenye simu. Sasa utamlipuaje mtu ambaye ameshasema mwenyewe pampu imeungua? Akabaki anashukuru kwa majibu mazuri na kuomba fundi afike kweli. Fundi alifika, tulihakikisha maana tungekaangwa mkutano unaofuata.

Hapo ndo nimegusa penyewe. Swali la msingi si tatizo. Jibu lake linasomwa, hata mwanafunzi wa darasa la saba anaweza kulisoma. Mbunge ana nafasi ya maswali mawili ya nyongeza na hayo hayaandikwi popote kabla, yanatoka pale pale, na akimaliza yeye Spika anaweza kuruhusu na wengine waulize. Na hao wengine ndo balaa, maana mmeulizwa kuhusu Lindi, mmejiandaa Lindi, mnaijua Lindi kata kwa kata, anasimama mbunge wa Songwe anasema "kwa kuwa tatizo la Lindi linafanana kabisa na tatizo lililopo kwenye jimbo langu, je, ni lini Serikali..." Linafanana wapi? Lakini kwa kanuni za mazoea ya pale limeshafanana, na Naibu Waziri inabidi awe na Songwe kichwani. Kwahiyo lile faili la maswali lilikuwa na karatasi moja ya jibu na kurasa kumi na kitu za "akiuliza hivi". Kila jimbo lina ukurasa, kuna miradi gani, mkandarasi nani, ameshalipwa kiasi gani, amesimama kwanini, na kipengele ambacho mimi nilikuja kukipenda kuliko vyote, Serikali ilishasema nini hapa ndani kuhusu jimbo hili.

Maana kuna kitu kinaitwa Hansard, taarifa rasmi ya Bunge, kila neno linaingia humo mpaka makofi na vicheko vinaandikwa kwenye mabano. Wabunge wazoefu wanaisoma. Utamsikia anasema "tarehe fulani kwenye Bunge hili hili, Naibu Waziri aliyekuwepo alisema ifikapo mwezi wa sita mradi utakuwa umekamilika", na aliyekuwepo alishahamishwa wizara zamani, pengine hata ubunge hana, lakini deni limebaki kwenye kiti. Aliyekalia kiti ndo analipa. Nimewaona manaibu wapya wanateuliwa leo, wiki mbili wako mezani, wanapigwa swali la ahadi iliyotolewa wakati wao wenyewe walikuwa wabunge wa kawaida na pengine waliipigia makofi.

Kwahiyo kitu nilichokishika kwenye kazi ile, kama mtu angeniuliza kimoja tu, ni kwamba waziri hahukumiwi kwa jibu alilotoa leo bali kwa mwezi aliotaja. Yule Mama alikuwa anakata miezi yote kwenye majibu kwa kalamu nyekundu. Unaandika "mradi utakamilika mwezi Desemba", anakata, anaandika pembeni HELA IKO WAPI. Anataka umwambie hela ipo hatua gani, na hapa wananchi wengi tunapigwa chenga bila kujua kwasababu maneno yanafanana. Fedha "iliyotengwa" maana yake imeandikwa kwenye vitabu vya bajeti, kile Kitabu cha Nne ambacho ndo kina miradi ya maendeleo. Imeandikwa tu. Fedha "iliyotolewa" maana yake Hazina wameiachia. Kati ya kutengwa na kutolewa kuna bahari, kuna miradi imetengewa hela miaka mitatu mfululizo na haijawahi kuona hata senti. Waziri akisimama akasema "katika mwaka huu wa fedha Serikali imetenga shilingi kadhaa" makofi yanapigwa, mbunge anarekodi kipande kile anakituma kwenye magrupu ya wasapu ya jimboni, na hakuna aliyeuliza zimetoka? Angalia na kalenda vilevile, mwaka wa fedha wetu unaanza tarehe 1 Julai unaisha 30 Juni, sasa mtu akikuambia mwezi wa tano kwamba kazi itafanyika "katika mwaka huu wa fedha" hapo amebakiza wiki chache tu, na kutangaza tenda ya serikali mpaka kazi iishe si jambo la wiki chache.

Yale maneno mengine watu wanayoyacheka, mchakato, upembuzi yakinifu, usanifu wa kina, kadri fedha zitakapopatikana, mimi siyacheki kivile kwasababu tukiwa tunaandika yalikuwa na maana zake. Upembuzi yakinifu ni kwamba mtu ameenda kuangalia kama jambo linawezekana. Usanifu wa kina ni michoro na gharama. Ukisikia "taratibu za kumpata mkandarasi" hapo kidogo pana matumaini, ukisikia "mkandarasi yuko eneo la kazi" nenda kaangalie kama kweli yupo au ameacha mlinzi na lori bovu. Na ukisikia "Serikali inatambua umuhimu wa" bila kitu kingine chochote, hamna kitu. Hatujaandika popote. Mimi nimeandika hiyo sentensi mara nyingi kuliko jina langu, najua.

Kuna na nyingine tamu. Naibu Waziri amejibu, amekaa, unamuona Waziri mwenyewe anasimama, "Mheshimiwa Spika, pamoja na majibu mazuri ya Naibu Waziri, naomba kuongezea." Ukisikia hivyo jua kuna jambo, mara nyingi Naibu ametaja mwezi. Au amesema "nitafika jimboni" na hakuna ratiba, au ametupa lawama kwa wizara nyingine ambayo waziri wake amekaa pale pale ameshaanza kunyanyua shingo. Waziri anasimama kuzima moto kwa lugha laini. Akisimama na Waziri wa Nchi Ofisi ya Waziri Mkuu anayeshughulikia Bunge, ambaye ndo mnadhimu wa Serikali mle ndani, basi moto ni mkubwa. Akisimama Waziri Mkuu mwenyewe funga faili kabisa, maana yeye kwa Katiba ndo kiongozi wa shughuli za Serikali Bungeni, na jambo likishafika kwake jioni mtaitwa wote, Katibu Mkuu mpaka aliyechapa.

Na mwenye kiti pale mbele ni mtu wa kumuangalia sana. Majibu yote yanaelekezwa kwake, si kwa mbunge, na akikaa Naibu Spika unasema Mheshimiwa Naibu Spika, akikaa mmoja wa wenyeviti unasema Mheshimiwa Mwenyekiti. Sisi tulikuwa tunachapa "Mheshimiwa Spika" kwenye kila aya halafu asubuhi anaingia mwingine, unamuona Naibu anasoma huku akibadilisha kichwani, aya ya tatu anasahau, watu wanaguna. Hilo dogo. Kubwa ni pale Spika anapolikataa jibu. Anasema swali halijajibiwa, lirudi likaandaliwe upya. Hakuna aibu kama hiyo kwa wizara na hakuna wataalamu wanaotembea haraka kwenye ile korido kama wataalamu wa wizara iliyorudishiwa swali.

Watu wanadhani waliokuwa wanawasumbua mawaziri zaidi ni upinzani. Upinzani walikuwa wanasumbua kweli, hasa Bunge la 2010 mpaka 2015 walikuwa wengi na walikuja na nyaraka mkononi, lakini kwa mtu anayeandaa majibu mbunge wa chama tawala aliyechoka ni hatari zaidi. Wa upinzani ukibanwa unaweza kujificha kwenye siasa, unasema hawa wenzetu hawaoni mazuri, makofi, umepita. Sasa huyu wa kwako anasimama anasema "mimi ilani ni ile ile mliyonayo nyie, ukurasa ule pale, niliinadi kwa wananchi jukwaa moja na nyie, nikawaambie nini?" Hapo utajificha wapi? Mama alikuwa anawafuata hao kabla. Asubuhi kabla ya kengele au mchana kule kantini, anakaa naye, anamwambia ukweli, hela haijatoka, mwaka huu hutapata, ila nakuwekea hiki hapa kwanza. Tofauti ilikuwa inaonekana. Mbunge aliyeambiwa ukweli kantini anauliza swali lake kwa ajili ya wananchi wake na Hansard, anakaa. Aliyepuuzwa anauliza kwa ajili ya kukuua.

Sasa njoo mkutano wa bajeti. Aprili mpaka mwisho wa Juni Dodoma inajaa mpaka unalipia chumba bei ambayo mwezi wa pili ungepata viwili, na posho yenyewe haijui hilo. Wizara ikipangiwa siku zake mnakuwa hamlali. Asubuhi Waziri anasoma hotuba, hapo rahisi. Kamati ya kisekta, ile ya wabunge inayoisimamia wizara, inatoa maoni yake, na kama mlikwaruzana nayo kwenye vikao vya kamati hapo ndo mtajua. Halafu wabunge wanaanza kuchangia, dakika kumi kumi au chini ya hapo, mmoja baada ya mwingine, na kila hoja mnatakiwa muiandikie maelezo ili Waziri akisimama kuhitimisha awe na majibu. Mnagawana, wewe kanda ya ziwa, wewe kusini, wewe sera, wewe watumishi. Na wengine wanachangia kwa maandishi, marundo ya karatasi, mwandiko wa mwingine bora hata daktari.

Kwenye kuhitimisha waziri hawezi kujibu wote, na kila asiyetajwa jina anakasirika, kwahiyo kuna ule ufundi wa kusoma majina, "hoja hii ilichangiwa na Mheshimiwa fulani, fulani na fulani", tunayaandaa usiku na kuyahakiki mara mbili mbili. Kuna watu waliwahi kuridhika kwa kutajwa jina tu. Nawaambia ukweli.

Baada ya hapo Bunge linageuka kuwa Kamati ya Matumizi, vifungu vya bajeti vinapitishwa kimoja kimoja, na kwenye kile kifungu chenye mshahara wa Waziri ndo mambo yote. Mbunge anasimama, "Mheshimiwa Mwenyekiti, nisipopata maelezo ya kuridhisha nakusudia kutoa shilingi kwenye mshahara wa Waziri." Shilingi moja, ya kitabuni. Lakini hiyo shilingi ikishatolewa inakuwa hoja, wenzake wanasimama kumuunga mkono, Waziri anasimama kujibu, na muda unakwenda. Mwanzoni sikuwa naelewa kwanini watu wazima wanatokwa jasho kwa shilingi moja. Baadae nikaelewa kwamba ile ndo nafasi pekee ambayo mbunge mmoja asiye na cheo anaweza kumsimamisha Waziri mbele ya nchi nzima na kumwambia hupiti hapa mpaka uniambie. Waziri hawezi kusema nitakuletea kwa maandishi halafu akakaa, au anaweza lakini jamaa atasema sijaridhika. Na pale ndo ahadi mbaya zinazaliwa. Saa mbili kasoro usiku, watu wamechoka, shilingi imeshikwa, Mwenyekiti anamtazama Waziri, Waziri anataka kwenda kulala, anatamka mwezi. Shilingi inarudishwa, makofi, fungu limepita. Na sisi kule nyuma tunatazamana kwasababu huo mwezi hauna hela.

Mama hilo alikuwa halifanyi. Kuna siku alishikiwa shilingi na mbunge mmoja anayeheshimika sana, mtu mzima, hoja yake ya kweli kabisa, wanaomuunga mkono wamesimama nusu ya ukumbi. Tukamwandikia kikaratasi kumkumbusha kwamba zikitoka fedha za robo ya pili ya mwaka tunaweza. Akakisoma, akakikunja, akasimama akasema, "Mheshimiwa Mwenyekiti, mwaka huu siwezi. Fedha hii niliyoomba hapa nikiigawa kama anavyotaka Mheshimiwa, miradi yote itaanza na hakuna utakaoisha. Namuomba ndugu yangu anirudishie shilingi yangu, na mradi wake uwe wa kwanza kwenye kitabu kinachokuja, na kama hautakuwepo asinirudishie hiyo ya mwakani." Ukumbi ukacheka. Yule mzee akakaa kimya kidogo, halafu akairudisha, akasema angalau nimeambiwa. Na kitabu kilichofuata mradi ulikuwemo, mimi mwenyewe niliusimamia uingie maana nilijua hakuna pa kukimbilia.

Tuseme na hili pia, kwamba shilingi inaogopesha lakini kila mtu mle ndani anajua Katiba inasemaje. Bunge likikataa bajeti ya Serikali, Rais anayo mamlaka ya kulivunja, Ibara ya 90 hiyo. Wote warudi majimboni wakaombe kura upya. Kwahiyo shilingi zinashikwa, zinang'ang'aniwa, na karibu zote zinarudi. Muda wa kamati ukiisha mafungu yaliyobaki yanapitishwa kwa mpigo, "wanaoafiki waseme ndiyo", ndiyo, imekwisha. Mawaziri walioondoka kwa nguvu ya Bunge hawakuondolewa na shilingi wala na kipindi cha maswali. Februari 2008 Waziri Mkuu alijiuzulu baada ya ripoti ya kamati teule iliyochunguza mkataba wa umeme wa dharura wa kampuni ya Richmond, Desemba 2013 mawaziri wanne wakaondoka kwa siku moja baada ya ripoti ya kamati kuhusu Operesheni Tokomeza, ile ya kupambana na ujangili. Kamati zinazoita watu na kusoma nyaraka, hizo ndo waziri anaziogopa. Ingawa yupo na aliyeondoka kwa kipindi cha maswali, Mei 2016, Waziri wa Mambo ya Ndani uteuzi wake ulitenguliwa na taarifa ya Ikulu yenyewe ikasema aliingia bungeni na kujibu swali akiwa amelewa. Wiki ile wizara zote watu waliingia ukumbini wamenyooka kama gwaride.

Maswali ya papo kwa papo ya Alhamisi ni mchezo mwingine kabisa. Yalianza kipindi cha Spika Sitta, Waziri Mkuu anaulizwa nusu saa bila kujua anaulizwa nini. Sisi wa wizara tulikuwa tunahusika kwa sababu Jumatano jioni Ofisi ya Waziri Mkuu inataka taarifa fupi kuhusu kila kinachovuma, na kinachovuma hubadilika usiku. Ukweli nilikuwa naupenda huo mtindo kuliko wa asubuhi, kwasababu Waziri Mkuu akijibu "hilo nilifuatilie" inaeleweka, hakupewa taarifa. Waziri aliyepewa swali mapema na bado anasema analifuatilia, huyo alikuwa anafanya nini?

Majirani zetu Kenya baada ya Katiba ya 2010 mawaziri wao si wabunge, na kwa muda mrefu walikuwa wanajibu kwenye kamati tu, mpaka juzi juzi kanuni zikabadilishwa wakaanza kuitwa ukumbini kujibu. Sisi Katiba inataka waziri awe mbunge. Nimeona ubaya wake mmoja ambao hausemwi sana. Waziri haulizi maswali. Sasa jimbo lake nani analiulizia? Mama alikuwa na jimbo lake, barabara mbovu, zahanati haina daktari, na mle ndani hawezi kusimama akasema je ni lini Serikali, maana Serikali ni yeye. Wananchi wake wanaona mbunge wa jirani kila wiki yuko kwenye tivii anawapigania watu wake na wa kwao anasoma majibu ya Songwe na Lindi. Ijumaa kikao kikiisha alikuwa anaingia kwenye gari anaenda jimboni usiku ule ule, Jumatatu asubuhi yuko kwenye kiti, macho mekundu, anakuuliza umeongea na nani pale kijijini. Kwenye kura za maoni za chama alipata shida kweli kweli, na walimwambia usoni kwamba uwaziri umemfunga mdomo.

Siku hizi nimeshastaafu, naangalia Bunge nikiwa nyumbani na mke wangu ananikataza kujibu tivii. Karatasi zenyewe zimepungua, wana vishikwambi. Lakini mwezi wa nne kijana mmoja niliyemfundisha kazi alinipigia, "Mzee shikamoo, nina swali la Jumanne, kisima, nimeandika kitakamilika hivi karibuni, mkurugenzi kapitisha." Nikamwambia marahaba, Hazina wanasemaje? Akasema hajauliza. Nikamwambia kaulize kwanza, halafu mtafute mtendaji wa kijiji. Jioni akapiga tena, hela haijatoka, mtendaji kasema mkandarasi aliondoka na jenereta lake mwezi wa pili. Mkurugenzi akagoma jibu kubadilishwa, akabembelezwa, akakubali nusu. Jumanne nikawasha tivii nisikie ni nusu ipi.